Karatasi Alizozielewa

Walimtoa darasani chaki ingali mkononi. Wakonyo alikuwa akiwaandikia wasichana wa kidato cha tatu swali la hesabu ubaoni, karani wa shule akachungulia mlangoni na kusema, bila kumtazama usoni, "Mwalimu, unaitwa kwa ofisi. Sasa hivi."

Alidhani ni habari ya vitabu vya mtihani. Mvua ya Mei ilikuwa imegeuza uwanja kuwa tope tupu, akavuka akiwa ameishika sketi yake isichafuke. Ofisini alimkuta mwanamume asiyemjua ameketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu mwenyewe, Bi Magdaline, amesimama kando ya kabati la faili kama mwanafunzi aliyechelewa. Mezani palikuwa na bahasha kubwa ya kaki yenye stempu za ng'ambo. Ilikuwa imepasuliwa. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Wakonyo.

"Hiyo ni barua yangu," alisema.

"Kaa chini, mwalimu."

Hapakuwa na kiti kingine. Wakonyo akabaki amesimama, na yule mwanamume akamwona, akamwacha hivyo. Alijitaja kuwa Bwana Gatimu, mtu wa serikali. Idara hakuitaja, na hakuna aliyeuliza. Ulikuwa mwaka wa themanini na saba, mwaka ambao watu walinong'ona hata wakiagiza chai.

"Unasoma nini, mwalimu?"

"Muundo wa kompyuta. Zile zenye bongo nyingi, zinazogawana kazi moja na kuifanya kwa pamoja."

"Uko na kompyuta?"

"Hapana."

"Shule iko na kompyuta?"

Bi Magdaline alitikisa kichwa haraka. Shule ile ilijengwa kwa harambee, na mashine yake ya pekee ilikuwa ile ya kuchapia mitihani, ambayo nayo ilivuja wino.

"Kwa hivyo unasoma kitu hakuna," alisema Gatimu.

Wakonyo alimweleza taratibu, kama anavyowaeleza wazazi wagumu siku ya kufunga shule. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya pili ng'ambo. Kabla ya kwenda, profesa wake alitaka asome makala ya utafiti yanayohusu kompyuta hizo, na baada ya kila makala aandike ukurasa mmoja: waandishi walitaka kutatua nini, walidai nini, na wapi hawakufikiri sawasawa. Kurasa hizo zilipaswa kufika mwisho wa Julai.

"Yaani wewe unasahihisha wazungu?"

"Wakikosea."

Gatimu alifungua makala yaliyotoka kwenye bahasha. Mtu fulani alikuwa amepiga mistari ya kalamu nyekundu chini ya maneno. "Hii neno 'seli' iko kila mahali. Sikia." Akasoma huku akitafsiri, kwa sauti ya hakimu. "Seli inapata habari kutoka kwa seli ya jirani. Inaifanyia kazi, inapitisha kwa seli ingine. Hakuna seli inajua kazi yote." Akainua macho. "Hiyo si kompyuta, mwalimu. Hiyo ni chama ya siri, tunaijua."

"Seli hapo ni kifaa kidogo cha—"

"Na hapa. Bwana na watumwa. Bwana ni nani? Na hapa: kazi inaendelea bila amri ya katikati. Nchi bila kichwa, si ndiyo?"

Wakonyo alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakiwahi, kifupi, cha puani. Bi Magdaline alifumba macho. Gatimu aliyakunja makala polepole na kuyarudisha ndani ya bahasha.

"Ziko zingine?"

"Ziko nyumbani, kwenye katoni. Nyingi."

"Kesho asubuhi leta zote ofisini kwangu. Zote. Tunaita mtu wa kompyuta kutoka Nairobi azisome, atuambie ukweli."

Wakonyo alitoka pale akiwa na hasira, lakini moyoni alikuwa na nafuu pia. Mtu wa kompyuta! Mtu yeyote aliyekalia dawati la chuo kikuu angezisoma dakika chache na kuona aibu kuitwa kwa jambo kama hilo. Kweli ilikuwa upande wake, tena imeandikwa na kupangwa ndani ya katoni ya sukari chini ya kitanda.

*

Aliuona moshi tangu kwenye kona ya barabara ya Ruring'u, lakini hakuushtukia. Watu huchoma takataka.

Katoni ile ilikuwa ndiyo maisha yake ya pili. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, aliyatandaza makala mezani na kugombana nayo kwa penseli. Hakuwa amewahi hata kuigusa kompyuta ya namna ile, ila aliijua kwa kuisoma, kama mtu anavyoweza kuijua njia ya mji ambao hajawahi kufika. Mumewe, Muriithi, alikuwa karani kwenye chama cha ushirika cha kahawa, na siku moja alimuuliza ugumu uko wapi. Ukitaka kazi iende mbio si unaongeza bongo tu? "Mkiongeza wachumaji kahawa," Wakonyo alimjibu, "na mizani kiwandani ikabaki moja, mtamaliza mapema?" Muriithi alicheka sana. "Watashinda kwenye foleni!" Wakonyo akamwambia basi hiyo ndiyo shida ambayo watu wale wote wanaiandikia: bongo nyingi, na mlango mmoja wa kumbukumbu. Pembezoni mwa kila ukurasa alikuwa ameandika mawazo yake mwenyewe, mengine ya kubisha, mengine ya furaha, mengine alama ya kuuliza tu ambayo yeye peke yake alijua ina maana gani.

Moshi ulikuwa unatoka nyuma ya nyumba yake.

Muriithi alikuwa amesimama kando ya pipa lililokatwa nusu, shati la ofisini limekunjwa mikono. Mama yake, Kabura, aliyeishi nao, alikuwa akikoroga ndani ya pipa kwa mti wa uzio. Katoni ya sukari ilikuwa chini, tupu.

"Karani wa shule alinipigia simu," Muriithi alisema. "Akasema wamekuja kwa sababu ya makaratasi. Nimekimbia, Wakonyo. Sijui hata kama nilifunga ofisi."

"Zote?"

"Zote. Usiwe na wasiwasi, hakuna iliyobaki."

Wakonyo alitia mkono pipani. Kabura akaupiga mkono ule kwa mti, akamsukuma nyuma. Kilichokuwa kimesalia kilikuwa kipande cha ukingo chenye penseli, nacho kilijikunja mbele ya macho yake kikawa jivu.

"Kesho wananingoja nizipeleke!" alipiga kelele, na majirani wakatoka. "Zilikuwa ndizo mashahidi wangu! Mtu wa kompyuta anakuja kuzisoma! Nitamwonyesha nini, majivu?"

Uso wa Muriithi ulimshuka. "Hawakusema hivyo kwa simu."

"Kwani ulimuuliza?"

"Karatasi haiteteangi mtu," alisema Kabura, bado anakoroga. "Wakati wa Imajensi, ya wakoloni, walipata karatasi kwa mfuko ya baba yake huyu. Ilikuwa risiti ya mbegu. Hakuna mtu aliisoma. Walimchukua na hiyo risiti, na mpaka leo sijui walimzika wapi. Mimi ndiye nilisema ichomwe. Nikasirikie mimi."

Lakini Wakonyo hakuweza kumkasirikia mwanamke yule. Hasira ilimpanda ikakosa pa kutua, ikamgeukia Muriithi.

"Mama ana kaburi analolitafuta," alisema. "Wewe una nini? Nilikueleza kila kitu. Ulikaa mezani ukacheka, ukaelewa. Halafu karani anapiga simu, na wewe unakimbia kuwafanyia kazi yao."

Muriithi aliinama, akaiokota katoni tupu.

*

Ofisi ya Gatimu haikuwa na kibao. Wakonyo aliingia mikono mitupu, akasema ukweli, kwa kuwa hakuona kingine cha kusema.

"Mumeo alichoma." Gatimu aliegemea kiti. "Mtu anachoma hesabu, mwalimu? Kama ni hesabu tu?"

"Aliogopa."

"Mwenye haki haogopi."

Wakonyo angejibu, ila mlango wa ndani ulifunguliwa, na yule mtaalamu wa Nairobi akatoka na ile bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa Theuri! Theuri waliyesoma naye chuo kikuu, darasa moja, benchi moja. Theuri aliyekuwa akiazima daftari zake kabla ya kila mtihani na kuzirudisha zina madoa ya chai. Sasa alikuwa mhandisi wa simu, amevaa suti ya kijivu, na kitambi kilikuwa kimeanza.

"Theuri! Mungu ni mwema. Hebu mwambie seli ni nini. Ni ukurasa wa kwanza tu."

Gatimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mnajuana?"

Theuri alirekebisha tai. "Kwa sura tu, afande."

Mtu hupigwa kofi akajua amepigwa. Hili Wakonyo hakulijua mara moja. Alibaki anatabasamu, kisha tabasamu likamkauka kinywani.

"Sasa, injinia," alisema Gatimu, "hii ni hesabu ama si hesabu?"

"Ni mambo ya juu sana, afande. Siwezi kusema ni hesabu peke yake. Siwezi pia kusema si hesabu." Theuri alizungumza akiitazama bahasha. "Mimi niko upande wa simu."

"Theuri, tulifundishwa hayo pamoja. Mchoro wa hizo seli uliwekwa kwenye mtihani wetu wa mwisho. Wewe ndiye—"

"Mwalimu, usimtishe mtaalamu," alisema Gatimu. Akampa Theuri ruhusa ya kwenda. Theuri aliiacha bahasha mezani, akapita karibu mno na Wakonyo, bega likagusana na bega, na harufu ya marashi yake ikabaki chumbani yeye alipokwisha kutoka.

Ndipo Gatimu akawa mpole ghafla. Aliagiza chai. Alimsogezea Wakonyo kiti, kisha karatasi iliyopigwa taipu, na kalamu juu yake. Hakuna mtu anayependa kumfunga mwalimu, alisema. Sahihi moja tu, arudi darasani kesho, mambo yaishe.

Wakonyo alisoma. Mimi niliyetajwa hapa nakiri kwamba nilipokea kutoka nchi za nje karatasi ambazo sikuzielewa, nami naomba serikali iniwie radhi.

Aliisoma tena. Akachukua kalamu, na Gatimu akatabasamu. Wakonyo akapiga mstari juu ya neno moja.

"Unafanya nini?"

"Nilipokea, ni kweli. Zilitoka nje, ni kweli. Lakini nilizielewa."

"Mwalimu. Hilo neno ndilo linakuokoa."

"Limwokoe mwingine."

"Sikiza." Gatimu aliinama, sauti yake ikawa ya mjomba. "Mtu hakuelewa, huyo ni mjinga, tunamsamehe. Serikali iko na huruma kwa mjinga. Lakini mtu alielewa, huyo sasa ni mtu mbaya. Unataka kuwa mtu mbaya?"

Wakonyo alifikiria macho yake yaliyouma kwa kusoma kwa taa ya chemni kila umeme ulipokatika. Alifikiria makala aliyoyarudia mara nyingi mpaka siku moja, akiwa anamenya viazi, yakafunguka yote kichwani kama mlango, akaachia kisu na kucheka peke yake. Sasa waseme hakuelewa. Wangeweza kumnyima safari na mshahara na hata usingizi. Hilo walilokuwa wanalidai sasa halikuwa mali yao.

"Nilizielewa," alisema, kwa sauti ya juu kidogo, "na hata hii uliyonayo wewe nimeshaanza kuielewa, na ningekuwa nimeimaliza kama hamngenifungulia barua."

Chai yake ilinywewa na askari.

*

Walimweka ndani mpaka mwisho wa juma. Seli ile, tofauti na zile za kwenye makala, haikupitisha habari yoyote kwa jirani. Alilala sakafuni na wanawake waliokamatwa kwa kuuza uji bila leseni, wakigawana blanketi lililonuka mkojo. Ili asishikwe na kichaa alijaribu kuyapitia makala kichwani, moja baada ya jingine, na kila alipofika mahali ambapo kumbukumbu ilikatika, alilia kwa ghadhabu, na wale wanawake walidhani analilia watoto.

Wakamtoa bila kumwambia sababu, kama walivyomwingiza.

Shuleni askari wa getini, aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi, alimwambia angoje nje. Bi Magdaline alikuja mwenyewe akiwa ameshika mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na sweta ya Wakonyo, kikombe chake na bikari ya ubaoni. Walizungumza kupitia vyuma vya geti, na wasichana wa kidato cha tatu wakitazama madirishani.

"Na tafadhali," alisema Bi Magdaline, "sanduku la posta la shule usilitumie tena." Kisha akanong'ona, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ungesaini tu, Wakonyo. Unafikiri mimi nimesaini mangapi?"

"Sijui, Mwalimu Mkuu. Labda hata wewe hujui."

*

Jumamosi alasiri aliketi mezani kumwandikia profesa. Alieleza yaliyompata kwa maneno machache, maana barua ingesomwa na wengine kwanza. Aliomba atumiwe makala yote upya. Alipofika kwenye anwani, kalamu ikasimama. Sanduku la shule limefungwa kwake. Mchungaji alikuwa amesema la kanisa lina matatizo.

"Nipe sanduku la ushirika," alimwambia Muriithi. "Wewe karani wa pale hupokea barua zako humo. Nitaandika kwa jina lako."

Muriithi alikuwa mlangoni, akifuta viatu ambavyo havikuwa vichafu. "Wakonyo. Ungepumzika kidogo. Mwakani mambo yatapoa."

"Siombi kupumzika."

"Wakinifuta na mimi, tutakula nini?"

"Ulichoma kazi yangu na hukuuliza tutakula nini. Njoo uandike. Jina lako tu, mkono wako."

Alikuja. Aliketi, akashika kalamu, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Akauliza kama isingefaa kuandika herufi za mwanzo tu, bila jina lote. Wakonyo alimtazama mtu yule aliyempenda, akaona kwamba hakuwa mbaya hata kidogo, na hilo lilimkasirisha zaidi kuliko yote.

Kabura aliingia na kiondo cha viazi kutoka shambani. Alikuwa amesikia kila kitu dirishani. Alikibwaga kiondo sakafuni, viazi vikaviringika mpaka chini ya meza.

"Toka hapo," alimwambia mwanawe. "Wakonyo, andika yangu. Kabura wa Kahiga, Posta ya Nyeri. Ibaki kwa kaunta. Nitaenda kuchukua mwenyewe na kipande yangu ya kitambulisho."

"Maitu, mama yangu, huwezi," alisema Muriithi. "Hujui hawa watu."

"Ati sijui nani?" Kabura alimgeukia. "Mimi ndiye nilisema choma. Hata kiberiti niliwasha mimi, wewe ulikuwa unavunja njiti tu. Sasa imekuwa ni huyu msichana amelala kwa seli, na sisi tumelala kwa kitanda."

"Mama, wanaweza kukujia," alisema Wakonyo.

"Wakuje. Walipochukua mume wangu nilinyamaza. Nilifikiri nikinyamaza vizuri, watamrudisha." Aliokota kiazi kimoja, akakipangusa udongo kwa kidole gumba. "Andika."

*

Furushi lilifika Agosti, baridi ikiwa kali na ukungu umeketi mjini tangu asubuhi. Posta ilijaa watu. Wakonyo alisimama nyuma ya mama mkwe wake kwenye foleni, na mapema sana akamwona mwanamume mwenye koti refu akisoma gazeti karibu na ukuta, gazeti ambalo hakuligeuza ukurasa.

Karani wa kaunta, Huseni, kijana wa mtaa wa Majengo, alikipokea kipande cha Kabura, akaenda nyuma, akarudi na furushi lililokuwa limefunguliwa na kufungwa tena kwa kamba ya katani. Alilisoma maandishi ya juu. Akapunguza sauti.

"Nyanya, hii imetoka ng'ambo. Imeandikwa ni makala ya kompyuta. Ni ya nani hasa?"

Wakonyo alifungua mdomo aseme ni yake, na vidole vya Kabura vikamkamata kifundo cha mkono, vigumu kama koleo.

"Ni yangu," alisema Kabura.

"Ya kazi gani, nyanya?"

"Ya kusoma."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajizuia. Mwanamume wa gazeti alikuwa ameinua kichwa. Kabura hakuwahi kukanyaga darasa maishani mwake; jina lake mwenyewe alilijua kwa umbo tu, kama mtu anavyomjua ng'ombe wake. Alijisogeza kwenye kaunta, akaongea kwa sauti ya mtu anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Kwani kusoma imekatazwa? Kama imekatazwa sema hapa, mbele ya watu, tujue. Nani amekataza? Mwite nimwone."

Huseni aliangalia chini. Hakuna aliyeitwa. Akafungua kitabu cha kupokelea, akamsogezea kidau cha wino, na Kabura akabonyeza kidole gumba kwa nguvu mpaka kitabu kikasogea.

Nje, ngazini, alilitua furushi. "Kaa hapa usome."

"Hapa, mama? Twende nyumbani."

"Nyumbani iko na pipa. Soma hapa."

Wakonyo aliketi kwenye ngazi ya mawe baridi. Juu ya makala palikuwa na barua fupi ya profesa: nafasi yake ingemngoja hadi Januari, na kurasa zake angezituma atakapokuwa tayari. Ukurasa mmoja wa makala ulikuwa na alama ya kikombe cha chai cha mtu aliyeufungua kabla yake. Aliutazama kitambo, kisha akaugeuza. Watu walipita wakiwa wamejifunika makoti. Kabura alisimama mbele yake, ameelekea mlango wa posta, mikono kiunoni. Mwanamume wa koti refu alipotoka, alimkuta pale, akamtazama, akatafuta upande wa kupita, akakuta ngazi ni ile ile, na ikabidi ainamishe bega ndipo apite.

Wakonyo hakuinua kichwa. Alikuwa amefika ukurasa wa pili, na waandishi walikuwa wamekosea. Alinyoosha mkono kwa mama mkwe wake bila kumtazama.

"Nipe penseli."